Spana ya Shangazi Maybelle

Katika kituo cha jeshi la anga cha Wadleigh, huko kaskazini kabisa mwa jimbo la Maine, Marekani, ndege haikuwa mali ya rubani hata siku moja. Rubani aliiazima tu. Aliichukua asubuhi ikiwa imefutwa na kupanguswa, akairudisha jioni, na akishuka ngazi alikuta mtu amesimama chini, mikono kiunoni, anamtazama kama mama mkwe anavyomtazama mkwe aliyerudisha sufuria. Mtu huyo alikuwa fundi mkuu wa ndege. Jina lake liliandikwa kwa rangi ubavuni mwa ndege, na kama serikali ilidhani ndege ni ya serikali, hilo lilikuwa tatizo la serikali.

Sajenti Mkuu Roland Deschaine alikuwa mwenye ndege wa namna hiyo. Ndege yake ilikuwa ya mafuta, dege zito la injini nne, kazi yake kunyonyesha ndege nyingine hewani kwa bomba linaloteremka kutoka mkiani. Mafundi waliiita Shangazi Maybelle. Ilikuwa imezaliwa kiwandani Roland akiwa bado anajifunza kufunga kamba za viatu, na kwa muda wote waliokuwa pamoja ilivuja mahali fulani. Roland alisema ndege ya mafuta isiyovuja ni ndege isiyo na mafuta.

Kituo chenyewe kilijengwa baada ya vita vikuu, juu ya mashamba ya viazi. Wakubwa wa Washington walitandika ramani, wakaona kwamba ukitaka kwenda kumpiga Mrusi, njia fupi inapita juu ya kichwa cha dunia, na mji wa Fortier Mills ndio mlango wa nyuma. Wakaja na tingatinga. Sehemu ya njia ya kurukia ilipita palepale babu yake Leona, mke wa Roland, alipokuwa akilima, na baba yake Leona hakuchoka kumkumbusha mkwe wake hadi alipoingia kaburini: kwanza mlichukua shamba, halafu mkaja kuchukua na binti, sasa mnasubiri nini, mbwa?

Kwa miaka na miaka marubani wa ndege za mabomu walilala na buti miguuni hatua chache kutoka kwenye ndege zao, wakisubiri king'ora. King'ora kikilia, mji mzima ulinyamaza; akina mama walisimama na upawa mkononi mpaka wasikie kama ni mazoezi au ndiyo mwisho wa dunia. Ilikuwa mazoezi kila mara. Mwisho wa dunia haukuja. Badala yake yule adui akajifia mwenyewe kitandani, bila kupigwa hata kofi, na Washington ikatoa orodha ya vituo visivyohitajika tena. Wadleigh ilikuwemo.

Watu hawakulia. Walikuwa wamechoka kabla hata ya habari kufika. Kinyozi alihamia kusini, duka la magari likauza bendera zake, shule ikafunga nusu ya madarasa. Ndege za mabomu ziliondoka kwanza, kisha ndege za mafuta moja baada ya nyingine, na kila ndege iliondoka na mafundi wake, mpaka ukienda kwenye ukumbi wa chakula wa kituo unasikia kijiko chako mwenyewe. Ikafika Aprili ya mwaka tisini na nne, theluji imebaki vichochoroni kama mgeni asiyejua kuaga, na uwanjani imebaki ndege moja. Shangazi Maybelle.

Yeye hakuwa anahamia kituo kingine. Alikuwa anapelekwa Arizona, kwenye makaburi ya ndege jangwani, akakatwekatwe.

Roland alikuwa na ombi moja tu, na kanali alikuwa amelikubali: asafiri naye. Kulikuwa na kiti kimoja cha fundi katika safari hiyo, kiti cha kamba kisicho na mto, na Roland alikitaka kuliko alivyotaka pensheni. Alitaka kufika naye jangwani, azime swichi za mwisho kwa mkono wake. Hakumweleza mtu sababu, ila Leona aliijua. Baba yake Roland alifariki wakati Roland yuko kisiwani Guam na ndege hiyohiyo, na macho ya mzee yalifumbwa na jirani. Kwa hiyo safari hii Leona hakumuuliza kitu. Alimfungia mikate ya nyama na soksi nene, akasema tu kwamba Arizona kuna joto lakini wewe miguu yako ni ya huku.

Jambo lilikuwa na kikomo chake. Kesho yake Roland alikuwa anastaafu. Usiku ukipinduka anakuwa raia, na raia hapandi ndege ya jeshi. Ni leo au basi.

Hafla ya kuwaaga, ndege na fundi wake, ilipangwa saa nne asubuhi. Viti vilipangwa ndani ya banda la ndege, bendi ya shule ikaja na tarumbeta zake, meya akaja na hotuba, na wakulima wa viazi wakaja na kofia zao wakakaa nyuma kama kanisani. Roland alikuwa uwanjani tangu alfajiri. Alikuwa amepanda ngazi chini ya bawa, amefungua kifuniko cha injini ya tatu kukaza bomba lililokuwa likilia machozi, amekifunga, ameshuka. Kisha akafanya kile ambacho kila fundi wa uwanja ule alikifanya kabla ya kumruhusu rubani kugusa kitu: akafungua boksi lake la vifaa kuhesabu.

Ndani ya boksi kuna sponji nene, na kila kifaa kimechongewa shimo lenye umbo lake. Bisibisi ina shimo la bisibisi, koleo ina shimo la koleo. Huhitaji kujua hesabu. Shimo likiwa tupu, unaliona kama jino lililong'oka.

Shimo la spana ndogo lilikuwa tupu.

Roland alitazama shimo lile kwa muda. Akapapasa mifuko. Akapapasa tena ileile, kama mtu anayetafuta miwani aliyoivaa. Jana alasiri boksi lilikuwa limejaa, hilo aliliapia. Leo je, aliitumia spana ile kwenye injini ya tatu? Alijaribu kukumbuka mikono yake ilikuwa imeshika nini, na mikono haikumjibu. Wiki zile alikuwa anafanya kazi ya watu sita, na alichoka kiasi kwamba angeweza kuwa ameila na mkate.

Sheria ya uwanja ilikuwa fupi. Kifaa kisipoonekana, ndege hairuki. Spana iliyosahauliwa ndani ya injini ni spana inayosubiri kuua watu. Fundi anaandika alama ya X kwa wino mwekundu kwenye daftari la ndege, na ndege inakuwa jiwe mpaka kifaa kipatikane na alama ifutwe na fundi mwenye mamlaka.

Kanali Merriam alikuja kwa miguu, uso umempauka kwa baridi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyepewa kazi ya kuzima taa za nyumba ya wengine, na alitaka kulala. Alisikiliza, akatazama bandani ambako bendi ilikuwa inajaribu tarumbeta, akatazama magharibi ambako mawingu ya rangi ya risasi yalikuwa yanakuja kutoka Kanada. Akamweleza Roland kwamba marubani wana saa zao na dhoruba ina saa zake. Saa saba ikipita, ndege itabaki hadi kesho, itakuja kuchukuliwa na watu wa kituo kingine, na Roland anajua kesho yeye atakuwa nani.

"Najua, Kanali. Nitakuwa mvuvi wa trauti mtoni," Roland akasema.

Kanali akashusha sauti. "Sajenti, hii ndege inakwenda kukatwa. Wakiikuta spana ndani, watasema asante."

"Ndege inakwenda kukatwa, ndiyo. Lakini hao vijana wanne watakaokaa mbele hawaendi kukatwa."

"Wewe mwenyewe huna uhakika kama uliitumia."

"Ndiyo maana." Roland akachukua kalamu nyekundu.

Aliiandika X ile taratibu, mistari miwili, na alipomaliza alihisi kama amejigonga kidole kwa nyundo yake mwenyewe. Kanali aliitazama, akavuta pumzi, akasema haya, tutafute.

Walipanga mstari. Bega kwa bega, waliobaki wote kituoni: wazima moto, wapishi, walinzi wa lango, marubani wenyewe na suti zao za kijani, wakaanza kutembea macho chini kutoka mwisho mmoja wa uwanja kwenda mwingine, wakiokota kila kisicho lami. Ilikuwa desturi ya kila asubuhi mahali pale tangu enzi za babu yake Leona kunyang'anywa shamba, na watoto wa mji walijua kuiigiza kabla ya kujua kusoma. Wakulima walipoona mstari, wakainuka vitini wakaja kutazama. Mmoja wao akauliza kama jeshi limerudi kuvuna viazi vilivyosahaulika. Watu wakacheka kidogo, kicheko cha watu wenye miguu ya baridi.

Hapo ndipo alipotokea Wendell Tansey.

Tansey alikuwa sajenti kutoka Alabama, rafiki wa Roland tangu wote wawili wakiwa na nywele. Ndiye aliyepangiwa kuirusha ndege siku ile, yaani kusimama mbele yake na kuipa ishara za mikono mpaka iondoke, kwa kuwa Roland angekuwa ndani. Alikuwa fundi hodari mwenye aibu moja kubwa: akipanda ndege, anatapika. Amehudumu jeshi la anga maisha yake yote kama mwokaji anayewashwa na unga. Asubuhi ile alikuwa ametumwa mjini kuleta donati za viazi za hafla, akarudi na maboksi yake, akaona mstari.

Sasa watu wa kazi ile hawaulizi. Ukiona mstari, unaingia. Tansey akaweka donati chini, akaingia kando ya Roland, akatembea macho chini kwa bidii kubwa. Aliokota msumari, akaokota kifungo. Walifika mwisho, wakageuka, wakarudi. Akamnong'oneza Roland, aliyemwita Mfaransa kwa sababu ya ukoo wake, kwamba Mfaransa hujawahi kuwa na sura mbaya hivi tangu siku ya harusi yako. Roland akamwambia anyamaze, atazame chini. Wakaenda tena, wakarudi tena. Theluji nyepesi ikaanza. Bendi, kwa kukosa cha kufanya, ikapiga wimbo wa taifa mara ya pili. Marubani wawili wakarudi kwenye injini ya tatu na tochi, wakafungua kila kifuniko Roland alichokifunga, wakaingiza vichwa ndani mpaka mabega. Hakuna kitu.

Ilipokaribia saa sita, wakiwa wamesimama kupuliza vidole, Tansey akauliza, kwa namna ya mtu anayeuliza leo ni siku gani, hivi tunatafuta nini.

"Spana ndogo," Roland akasema. "Ya boksi langu. Ile yenye kovu shingoni."

Tansey aligeuza kichwa polepole mpaka macho yake yakatua kwenye gari la kanali lililoegeshwa kando ya banda, na damu ikamshuka usoni kama maji kwenye sinki.

"Roland," akasema. Hakuwa amemwita kwa jina lake kwa miaka mingi. "Roland, ndugu yangu. Usinipige mbele ya meya."

Ikawa hivi. Katika jeshi lile mtu akistaafu hupewa ubao wa kumbukumbu, mti mzuri uliopigwa vanishi, na juu yake hupachikwa kifaa alichokitumia maisha yake. Tansey alikuwa ameichukua spana ile wiki moja kabla, akaipeleka kwa mtu mjini aichovye kwenye kromu iwe inang'aa, na ili Roland asigundue akaweka mahali pake spana ya namna ileile aliyoiazima kwa kikosi kingine kilichokuwa hakijaondoka. Roland, kwa uchovu wake, aliona shimo limejaa, hakuona kwamba kovu halipo. Tansey akamwambia karani wa vifaa aifute spana ya Roland kwenye hesabu. Karani akasema sawa. Siku mbili baadaye karani akahamishiwa Texas, na ujumbe ukahama naye. Jana jioni kile kikosi kingine kilifunga mizigo yake, kikachukua spana yake kwenye boksi la Roland, kikaenda zake. Na ubao, umefungwa kwa karatasi ya bluu na utepe, ulikuwa umelala kwenye kiti cha nyuma cha gari la kanali tangu asubuhi, ukisubiri hotuba. Kanali hakujua ndani mna nini. Alikuwa amekaa nao garini mara mbili akiota moto huku watu wakitambaa uwanjani.

Na Tansey alikuwa ameitafuta kwa macho yake mwenyewe, akienda na kurudi, kwa bidii.

Wakauleta ubao. Roland akachana karatasi mbele ya wote, kwa kuwa hakukuwa na muda wa kungoja hotuba. Spana ilikuwa imelazwa katikati ya mti, inang'aa kama kijiko cha askofu, na chini yake bati dogo lenye jina lake na jina la Shangazi Maybelle. Ilikuwa nzuri. Roland akaitazama mpaka Tansey akaanza kulia machozi ya kimyakimya, kisha akaomba bisibisi.

Akaing'oa. Ilichukua muda, kwa maana Tansey alipofunga kitu alikifunga. Akaenda nayo kwenye boksi, akaikandamiza kwenye shimo lake la sponji, ikakaa pale kati ya ndugu zake waliochakaa kama jino la dhahabu kinywani mwa mzee. Boksi likajaa. Hesabu ikawa hesabu. Bado saa moja kabla ya dhoruba. Leona, aliyekuwa amesimama kwenye kamba ya kuzuia watazamaji na mkoba wa soksi, akamwinulia mkoba ule: haya, njoo uchukue.

Ndipo kanali akamwita Roland pembeni, na Roland akajua kabla hajasemeshwa.

Fundi aliyetoa kifaa kwenye boksi bila kuandikisha anavuliwa mamlaka saa ileile mpaka afundishwe upya. Hilo Roland mwenyewe alikuwa ameliamuru juu ya vijana wengi. Tansey hawezi kufuta X. Tansey hawezi kuirusha ndege. Na ukitazama kulia na kushoto uwanjani, ukiwaacha wapishi na wazima moto, fundi mwenye mamlaka aliyebaki Wadleigh alikuwa mmoja. Anayeirusha ndege husimama chini.

Kanali alikuwa mwungwana. Alisema, akitazama viatu vyake, kwamba yeye ana macho mabovu siku za theluji, na kama Tansey akisimama mbele ya ndege kwa dakika chache huenda asimtambue.

Roland alimtazama Shangazi Maybelle, pua yake imelowa, jina la Roland limefifia chini ya dirisha. Alikuwa amechoka sana. Lingekuwa jambo dogo, na hakuna ambaye angemlaumu, hata yeye mwenyewe pengine asingejilaumu mpaka afike juu ya Ohio.

"Tansey nimemfundisha mimi, Kanali," akasema mwisho. "Nikimwacha asimame pale leo, X yangu ya asubuhi ilikuwa ya nini?"

Akarudi kwa Tansey, akamwambia kwamba ndege haiwezi kwenda bila fundi ndani, na kiti kipo kitupu, na kukikalia hakuhitaji mamlaka. Tansey akaelewa, akageuka kijani papo hapo, kabla hata ya kupanda.

"Mfaransa, mimi nitakufa."

"Hutakufa. Utatamani tu." Akamkabidhi mkoba wa soksi na mikate. "Mikate usile. Ukifika, swichi za betri ni mbili. Anza na ya kushoto. Izime taratibu, hapendi kushtuliwa."

"Nitamwambia umemsalimu."

"Usimwambie kitu. Zima tu, na uweke mkono pale ukutani kidogo. Halafu shuka."

Tansey akasema sawa, akafuta pua kwa mkono wa koti, akabeba boksi la vifaa akapanda nalo ngazi.

Roland alivaa vifuniko vya masikio, akafuta X, akaenda kusimama mbele. Injini ziliamka moja baada ya nyingine, ya tatu ikikohoa kama kawaida yake. Aliinua mikono. Shangazi alimfuata kama alivyomfuata siku zote, mzito, anatingisha mbawa, mpaka alipoelekea njia ya kurukia. Roland akapiga saluti. Hotuba ya meya haikusomwa. Theluji ilikuwa imelowesha karatasi, na hata hivyo watu wote walikuwa wamesimama uwanjani wamevua kofia. Ndege ilipita juu ya shamba la zamani la babu yake Leona, ikaacha moshi mweusi mrefu, ikaingia mawinguni. Hapo chini palibaki doa la mafuta, bichi.

Mpishi mmoja akamwaga mchanga juu ya doa. Roland akamwambia aache, mvua italiosha.

Nyumbani Leona alipasha maharage na chapati za unga mweusi wa huko kwao. Usiku ule Tansey alipiga simu kutoka Arizona. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekamuliwa. Alisema ametapika juu ya majimbo saba, kisha akasema ameanza na ya kushoto. Roland akamwambia vizuri. Akamwambia sasa nenda ukalale.

Asubuhi, raia Roland Deschaine alitundika ubao wake jikoni, juu ya meza. Mti ulikuwa mzuri, bati lilikuwa limeandikwa vizuri, na katikati kulikuwa na matundu ya skrubu na alama hafifu kwenye vanishi, umbo la spana ambayo haipo. Leona alisimama na kikombe chake cha kahawa akalitazama umbo lile. Akasema kwamba ukuta unaonekana kama kuna kitu kimepotea, na huyo kichaa wa Alabama angeweza kununua nyingine dukani akaileta tuipachike.

"Hakijapotea," Roland akasema, akivuta kiti. "Najua kilipo."